Kwa Mtakatifu Mchadi

Tangu nirudi kutoka milimani, kila ninayekutana naye mferejini hapa Dakawa ananiuliza: Mwalimu, huko ulikokwenda kulikoni, mbona umerudi umenyamaza? Mimi kunyamaza ni habari, najua. Nimejaribu kusimulia kwa mdomo mara mbili na mara zote mbili nimeishia njiani. Basi naandika, msome wote kwa pamoja, na asiyeelewa asinipigie simu.

Kwanza mjue nilichokifuata. Marehemu baba yangu, Leopoldi, alikuwa katekista wa kigango kidogo kule Lusewe, juu ya Nyandira, katika milima ya Uluguru. Padri wa Kizungu aliyekijenga alikipa jina la Mtakatifu Chadi, askofu wa zamani sana huko Uingereza, enzi ambazo Waanglo-Saksoni wenyewe walikuwa bado wanaabudu miti na mawe. Askofu huyo alihubiri akienda kijiji hadi kijiji kwa miguu. Kila mwaka, Jumapili iliyo karibu na sikukuu yake mwanzoni mwa Machi, Baba alisimama mbele ya waumini na kuwasimulia maisha yake.

Ila katika simulizi la Baba, Chadi alikuwa mtu wa nchi ya Chadi. Alizaliwa kando ya ziwa kubwa, mrefu, mweusi, akavaa makubazi ya ngozi ya ng'ombe akavuka jangwa, akaenda kuwahubiria Wazungu waliokuwa hawana mtu wa kuwafundisha. Watu wa Lusewe walimwita Mchadi, kama mtu anavyosema Mganda au Mkongo. Wakati Baba akisimulia, akina mama wazee walikuwa wananyoosha migongo.

Mwaka niliomaliza chuo kikuu, nikiwa na shahada ya historia na kiburi kipya, nilisimama katikati ya simulizi nikamsahihisha mbele ya kanisa zima. Nikasema huyo askofu alikuwa Mwingereza mwenzao, amezaliwa hukohuko, na jina lake halihusiani hata kidogo na nchi ya Chadi. Baba alinitazama, akasema, "Asante, mwalimu," akafunga kwa sala. Hakuisimulia tena hadithi ile mpaka anakufa.

Sasa ni miaka kumi na mmoja tangu tumzike. Mwezi wa pili nililetewa habari kwamba Shangazi Emerensiana, mdogo wake Baba, ameanza kusahau, na anawaita walio hai kwa majina ya marehemu. Kwake ndiko Baba alikokuwa akifanyia mazoezi ya simulizi lile, jikoni, kila mwaka. Kama lipo mahali popote, lipo kichwani mwake, na kichwa chenyewe ndicho hicho kinaondoka. Nilitaka kulisikia mara moja tu kabla halijapotea. Nilimkumbuka sana Baba siku ile.

Dakawa mpaka Msamvu

Niliondoka Ijumaa asubuhi, nimemwachia jirani maji ya shamba na maelekezo mengi kuliko alivyohitaji. Nilibeba mchele wangu mwenyewe, kilo kumi, maana mtu hawezi kutoka Dakawa kwenda kwa shangazi yake mikono mitupu. Bwana shamba mmoja alinipa lifti. Njia nzima alinieleza magonjwa ya mpunga nami niliitikia tu, jambo ambalo nadhani lilimpa wasiwasi.

Pale Msamvu, stendi ya Morogoro, mpiga debe alinipokea mzigo kabla sijamwomba, akauliza mzee unaelekea wapi. Badala ya kusema Nyandira kama mtu mwenye akili timamu, mawazo yangu yalikuwa mbali, nikasema naenda kwa Mtakatifu Chadi. Akawageukia wenzake akawauliza gari la Chadi linatoka saa ngapi. Mmoja akajibu, kwa heshima zote, kwamba Chadi ni nchi na iko mbali, mzee labda aende Dar akapande ndege. Mwingine akataka kujua kama nyumbani nimeaga.

Mnanijua. Niliweka mchele chini nikawaeleza Chadi ni nani, karne gani, na tofauti ya jina la mtu na jina la nchi. Walinisikiliza vizuri mno. Nilipomaliza yule wa kwanza akasema sawa mzee, tumeelewa, lakini gari hakuna. Ni kweli halikuwepo. Lililokuwa la kwenda Mgeta, njia ya Nyandira, lilikuwa limefunguliwa gurudumu na fundi amekwenda kutafuta kifaa. Nikaketi nikanywa supu kwa chapati mbili, na saa tatu zikapita.

Msamvu mpaka kwenye kona

Aliyeniokoa ni Mama Zuhura. Huyu ni mfanyabiashara wa mboga, mwenyeji wa Tanga ila amekaa Morogoro miaka mingi. Kila wiki hupanda Mgeta na Kenta, lori lake dogo, kuchukua kabichi na njegere. Alikuwa akipita na matenga matupu, akaniona nimekaa na mchele wangu, akamwambia dereva wake asimame. Alinipa nafasi mbele kwa sababu ya mvi, alisema, siyo kwa sababu ya sura.

Tulipita Mzumbe, tukapita Mlali na nyanya zake barabarani, tukaanza kupanda. Kila kona milima ilisogea, na mimi nilikuwa mtoto tena, nimekaa kwenye mzigo wa kabichi na Baba ananishika shati kwa nyuma nisianguke. Sikutegemea. Nilijifanya natazama nje upande wa pili, na Mama Zuhura, kwa wema wake, akawa anahesabu matenga yaliyoko nyuma kwa kioo.

Kisha tukasimama. Mvua ya alfajiri ilikuwa imeporomosha udongo kwenye kona, umekata njia yote, na wanakijiji walikuwa wanaufukua kwa majembe. Tukaambiwa nusu saa. Tulikaa pale tangu adhuhuri hadi alasiri.

Mama Zuhura alinunua fyulisi kwa mwanamke aliyekuwa akipita na ndoo kichwani, tukakaa kwenye jiwe tukala, juisi inatuchuruzika mpaka viwikoni. Upepo ulianza kuvuma kutoka juu, na radi ikanguruma mbali. Nikamwambia kwamba baba yangu upepo ukivuma hivi aliacha lolote analofanya akasali, hata kama ameshika kijiko, kwa sababu ndivyo alivyofanya askofu wake. Akauliza askofu yupi. Hapo nikapata darasa.

Nilimweleza ya kitabuni, siyo ya Baba. Kwamba Chadi aliwekwa kuwa askofu, na baadaye akaja askofu mkuu msomi kutoka mbali akakagua mambo, akamwambia mbele za watu kwamba hakuwekwa wakfu kwa utaratibu unaotakiwa. Chadi hakubishana. Akasema kama ni hivyo naachia kwa moyo mweupe, maana sikuwahi kujiona ninafaa. Akaachia. Nilimweleza jinsi wanahistoria wanavyolitazama jambo hilo, na Mama Zuhura akatema kokwa.

"Huyo msomi alimwacha hivyohivyo?"

Nikasema hapana. Alishangazwa na unyenyekevu ule, akarekebisha kilichopungua, akampa uaskofu wa jimbo jingine. Na kwa kuwa Chadi alishikilia kutembea kwa miguu na jimbo lilikuwa kubwa, askofu mkuu alimwamuru apande farasi. Chadi akasita, basi mkubwa yule akambeba kwa mikono yake mwenyewe akamweka juu ya farasi.

"Ana adabu," alisema Mama Zuhura. "Kamkosoa, halafu kambeba. Na wewe mzee wako ulimbeba wapi?"

Nilikuwa nimeshamwambia ile habari ya kanisani, mwanzoni, nikiichukulia kama kichekesho. Sasa nilishindwa kucheka. Nikamwambia ukweli. Baba alipozidiwa, vijana wa kigango walimbeba kwa machela kutoka Lusewe mpaka barabara hiihii, wakipokezana kwa saa nne. Mimi nilikuwa kwenye kituo cha kusahihisha mitihani ya taifa, nikasema nitakuja nikimaliza bunda langu. Nilikuta jeneza.

Mama Zuhura alisema pole, akanipa fyulisi nyingine. Majembe yalipopata njia tukaondoka. Tulifika Nyandira jua limezama na akanilaza kwa mteja wake, kwenye chumba chenye magunia ya viazi mviringo.

Nyandira mpaka Lusewe

Jumamosi vijana wa bodaboda walinigombania asubuhi. Niliwaambia nitakwenda kwa miguu, wakaniuliza kama nimeishiwa. Niliwapa mchele tu, mmoja autangulize kwa Shangazi. Kujidai kuna mipaka, na mtu wa miaka sitini na tatu asibebe kilo kumi mlimani kwa ajili ya kumbukumbu.

Njia ni ileile. Matuta ya njegere yamelala kwenye miteremko ambayo mbuzi mwenyewe angefikiri mara mbili, maji yanashuka kila upande, na ukungu unakuja na kwenda. Nilipumzika kila penye jiwe. Baba alipanda njia hii na mkoba wa vitabu vya katekisimu mpaka uzee wake, anasalimia kila shamba kwa jina la mwenyewe. Nami nilisalimia, lakini majina nilikuwa sina. Hilo liliniuma kuliko magoti.

Nilipofika, Bruno, mtoto mkubwa wa Shangazi na mwenyekiti wa kigango, alinipokea kwa ubaridi. Aliitikia shikamoo za watoto wake kwangu kana kwamba wamemsalimia yeye, kisha kabla sijapewa maji akanichukua kunionyesha mipaka ya lililokuwa shamba la Baba. Hapa mpaka hapa, mwembe ule ulikatwa na marehemu mwenyewe, na migomba hii ameipanda yeye Bruno. Nilikwenda naye nikidhani ananitembeza. Ilinichukua muda kutambua kwamba ananijibu dai ambalo sijalitoa.

Maana kwetu ukoo unafuata mama. Mimi ni mtu wa upande wa mama yangu, kule Matombo, na alipokufa Baba, shamba na nyumba vilirudi kwa watoto wa dada yake, akina Bruno, ndiyo haki. Mtoto wa kiume kukaa miaka kumi na mmoja asionekane, halafu akatuma mchele mbele, huyo ana neno. Nikamwambia ndugu yangu, sikufuata ardhi, nimefuata hadithi. Akauliza hadithi ya kiwanja kipi.

Jikoni kwa Shangazi

Shangazi alikuwa jikoni anamenya njegere kwenye ungo. Amekuwa mdogo sana. Nilipiga goti nikampa shikamoo. Akaitikia, akanitazama kwa muda.

"Leopoldi," akasema, "umechelewa."

Sikumsahihisha. Naomba mlitambue hilo, nyinyi mnaonijua. Nikakaa kwenye kigoda nikamenya naye, na kwa karibu saa nzima nilikuwa baba yangu, nikaulizwa habari za mbuzi waliokufa zamani na nikajibu kwamba wazima. Kisha wakati mmoja alinyanyua uso akaniuliza, kwa sauti tofauti, kama mke wangu hajambo. Akanijua. Nikaona niseme haraka kabla mlango haujafungwa tena. Nikamwomba anisimulie habari za Mchadi, kama Baba alivyosimulia, tangu neno la kwanza.

Akaweka ungo chini. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Hadithi, hadithi," akasema.

Nikasubiri aendelee. Naye akanisubiri mimi. Mwishowe akaniuliza kama huko mjini watu hawaitikii.

"Hadithi njoo," nikasema.

"Malizia."

"Uongo njoo, utamu kolea."

Na maneno yalipotoka kinywani mwangu nikayasikia. Nilimuuliza kama Baba alianza hivyo hata kanisani. Akasema kila mwaka, na watu wote wakaitikia, na mimi nikiwa mtoto nilikuwa naitikia kwa sauti kuwazidi. Nikauliza kuhusu watakatifu wengine, Petro, Paulo. Akanishangaa. Hao si wa kuchezewa, alisema, hao Leopoldi aliwasoma kitabuni kama walivyoandikwa.

Nilikuwa nimekumbuka jangwa, makubazi, ziwa, farasi. Ule mwanzo nilikuwa nimeuchukua kama mtu anayesafisha koo. Mwenye shahada ya historia alisimama kumkosoa mzee kwa uongo ambao mzee mwenyewe alikuwa ameutangaza, na kanisa zima likaukaribisha kwa pamoja.

"Kumbe alijua si mtu wa Chadi," nikasema.

"Alijua. Padri alimweleza tangu kigango kinajengwa. Ni wewe uliyempeleka Chadi."

Alinieleza kidogokidogo, akirudi nyuma na kuruka mbele. Nilikuwa darasa la pili. Mwalimu alikuwa ametundika ramani ya Afrika ukutani, nami nilikuwa nimejua kusoma karibuni. Nikatoka shuleni mbio nikamkuta Baba anapaka chokaa ukuta wa kigango, nikapiga kelele kwamba nimepaona kwao Mtakatifu Chadi, pako kwenye ramani, ni Mwafrika. Baba akashuka kwenye ngazi. Akataka kujua ni upande gani, nikamchorea chini kwa kijiti. Akaniambia vizuri sana, sisi hatukulijua hilo. Jumapili ile ndipo alipoanza.

Nilimuuliza Shangazi swali nililokuwa nalo kwa miaka thelathini na kitu. Siku niliyomsahihisha, alirudije nyumbani? Alikaa hapa, akasema, mahali ulipokaa. Alikula vizuri. Shangazi alipomuuliza kwa nini hukumjibu mtoto, kaka yake alisema hadithi haikuwa yake, alikuwa ameishikia tu. Mwenyewe amekua, kaja kuichukua.

Nilitoka nje nikasimama kwenye migomba ya Bruno. Nililia kama sikuwahi kulia msibani. Nilimtamani baba yangu, hata kwa dakika moja, akiwa juu ya ngazi na chokaa kwenye nyusi, nimwambie kwamba sikuwa nimekuja kuichukua, nilikuwa sijui hata kama ni yangu. Nilipoingia ndani tena nimwombe Shangazi aendelee na hadithi, alikuwa ameshika ungo, akaniita Leopoldi. Alijaribu. Alifika kwenye jangwa, akapotea, akarudi kwenye mbuzi. Yaliyobaki hakuyapata tena.

Kigangoni

Jumapili hakukuwa na padri, aliongoza katekista wa sasa. Bruno alisimama kwenye matangazo akasema kuna mgeni, mtoto wa marehemu Leopoldi, ana neno. Alilisema hilo "neno" kwa namna ambayo nusu ya kanisa waligeuka kuangalia mashamba dirishani.

Nilikuwa nimeandika msamaha, kurasa mbili. Nilisimama pale alipokuwa akisimama Baba nikaziweka mfukoni.

"Hadithi, hadithi," nikasema.

Vijana walitazamana. Nikaona nimeharibu tena. Kisha upande wa akina mama, kutoka kwenye benchi la wazee, sauti tatu nne, halafu kumi, zikanijibu mpaka mwisho, na migongo ikanyooka.

Nikawaambia palikuwa na mtu wa nchi ya Chadi. Nilimfanya azaliwe kando ya ziwa, nikamvisha makubazi, nikamvusha jangwa. Nilipokosea mahali, mzee mmoja alinirudisha njiani, na baada yake mwingine, nikagundua kwamba hadithi nzima ilikuwa mle ndani, imegawanyika vipandevipande kwa wenyewe. Nilimfikisha kwenye baridi ya Uingereza, akahubiri, akachoka, akaambiwa na askofu mkuu mbele ya watu wote kwamba hafai, akasema asante. Nikasema yule askofu mkuu akaona haya. Akashuka kwenye farasi wake, akamwendea, akainama hivi, akanyoosha mikono.

Niliinama. Nilinyoosha mikono. Nikashindwa kuendelea. Nilibaki vilevile mbele ya kanisa zima, mikono imeshika hewa, machozi yananidondoka kwenye viatu.

Shangazi alikuwa benchi la mbele. Sijui alikuwa ananiona nani.

"Mpandishe, mwanangu," akasema. "Amesubiri sana."

Nikampandisha.